Moto wa Sybil, barafu ya sangara

Mwaka 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita, upande wa Musoma, ambako wakati huo kulikuwa kwa Mjerumani. Mwaka uliofuata Waingereza wakaja kuinasua. Vitabu vya vita huipa mistari michache, vikapita. Mimi naipendea injini yake.

Sybil iliundwa Paisley, Uskoti, ikaletwa Kisumu vipande vipande na kuunganishwa huko. Ndani yake maji yalichemka, mvuke ukasukuma pistoni, pistoni ikazungusha rafadha. Sifa zote tunaupa moto. Lakini mvuke ukishamaliza kazi lazima upozwe, na injini ya namna ile isipokuwa na mahali pa kutupia joto haifanyi kazi. Ziwa halikubeba meli tu, lilikuwa nusu ya injini.

Hilo alishaliona Mfaransa Sadi Carnot, akiwa na miaka 28, katika kitabu chake cha 1824. Alifananisha joto na maporomoko ya maji: linafanya kazi linaposhuka, kutoka penye moto kwenda penye baridi. Aliamini halipungui njiani. Rudolf Clausius akaja kunyoosha mambo mwaka 1850: sehemu ya joto hugeuka kazi, inayobaki lazima imwagwe. Nishati haipotei, sawa, ila huwezi kuigeuza yote kazi. Daima kuna kodi.

Sasa igeuze injini hiyo kinyumenyume, upate friji. Kiswahili chetu kinatudanganya kidogo hapa. Tunasema baridi imeingia, kumbe hakuna kilichoingia, joto ndilo limetoka. Ndani ya friji kimiminika kinachemka kwenye mabomba na kunyonya joto la chakula. Kompresa inaibana ile gesi mpaka inapata moto, kisha joto linatupwa nje. Pitisha mkono nyuma ya friji, utalikuta. Kulipandisha joto mlima kunataka nguvu, na nguvu hiyo ni umeme wa kulipia.

Ndiyo maana kwa mvuvi wa sangara barafu si anasa. Samaki huyu alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na baadaye viwanda vya minofu vikaota kandokando ya ziwa, Musoma ikiwemo. Kilo moja ya barafu ya nyuzi sifuri, ili iyeyuke tu, inameza joto ambalo lingepasha kilo ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Mtumbwi unaopakia barafu unapakia muda. Ukiisha muda huo, mwenye samaki hana tena ubavu wa kubishania bei.

Dagaa hawadai hayo. Akina mama wanawaanika juani, maji yanatoka, na gunia linafika Bunda au linapanda hadi Butiama bila kompresa yoyote. Mvua ikinyesha wiki nzima, hapo ndipo hasara inapowaangukia wao.

Filamu ya Hubert Sauper ya 2004 kuhusu sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare, ilitazama sana ndege. Ningependa ingekaa zaidi kwenye barafu, maana ndiyo inayoamua nani anakula nini: minofu inapoozwa na kusafiri hadi Ulaya, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yanabaki kukaangwa hapa hapa.