Kilwa 1776: Mageuzi ya Wafalme wa Ulaya na Mipaka Yake

Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa aliwekeana mkataba na Jean-Vincent Morice, Mfaransa aliyefanya biashara ya watumwa kutoka kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na juu ya bei hiyo Morice atoe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Hakuna Mfaransa mwingine, Mholanzi wala Mreno aliyeruhusiwa kununua mpaka yeye atosheke. Morice akapewa pia ngome, aweke mizinga na kupandisha bendera. Muda wa mkataba: miaka 100.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, huko Ufaransa, Louis XVI alikuwa amefuta kazi za shuruti za kutengeneza barabara kwa ushauri wa waziri wake Turgot. Mei Turgot akaondolewa, na amri yenyewe haikudumu. Mwaka 1779 mfalme huyo aliwaacha huru wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya Taji. Kaizari Joseph II wa Austria alikwenda mbali zaidi: kwa amri ya tarehe 1 Novemba 1781, mkulima wa Bohemia aliweza kuoa, kuhama na kujifunza ufundi bila kungoja ridhaa ya bwana wake.

Mageuzi hayo yalikuwa ya kweli, na waliofaidika nayo walikuwa watu halisi. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba yalikoma pale maslahi ya hazina na ya matajiri yalipoguswa. Ukitazama kutoka Kilwa, mpaka huo unaonekana waziwazi.

Mwaka 1784, serikali ileile ya Louis XVI iliweka ruzuku kwa meli za watumwa. Catherine II wa Urusi aliandika mwaka 1767 maelekezo ya kulaani mateso mahakamani. Mwaka 1783 akawafunga wakulima wa Ukraine kwenye ardhi za mabwana. Joseph naye hakuwa na mashamba ya watumwa ng'ambo, hivyo huruma yake haikumgharimu faida ya makoloni.

Lawama haiishii Ulaya. Sultani wa Kilwa alijua anachouza, na waliouzwa walikuwa watu wa bara waliotekwa au kununuliwa. Alitafuta mapato na mizinga ya kumkinga na maadui. Kinga hiyo haikumfaa: katikati ya miaka ya 1780 Waomani waliitwaa Kilwa, na biashara ikaendelea chini ya mabwana wapya.

Waliofuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa kwa mara ya kwanza, mwaka 1794, walikuwa wabunge wa jamhuri iliyokuwa imempindua mfalme. Walowezi wa Mauritius na Réunion waliikataa amri hiyo. Napoleon akaurudisha utumwa mwaka 1802, na miaka miwili baadaye akajitawaza kuwa kaizari.

Walimu wa historia wa Miteja, Kivinje na Masoko, katika Kilwa ya leo, wana sababu ya kufundisha amri ya 1781 na mkataba wa 1776 katika somo moja. Wanafunzi wapewe nyaraka zote mbili, kisha waulizwe ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu katika kila moja.