Pigo na Wakati Wake: Historia ya Kuhesabu Hali ya Mchezo katika Besiboli

Kati ya michezo inayochezwa kwa malipo, ni michache iliyosumbuliwa na swali la thamani ya tendo kwa mujibu wa wakati wake kama besiboli ya Marekani. Kwa zaidi ya miaka 100 watunza hesabu wa mchezo huo wamebishana kama pigo linalomwezesha mwenzake mpigaji kumaliza mbio zake linastahili uzito zaidi kuliko pigo lile lile lililopigwa wakati hakuna mkimbiaji hata mmoja uwanjani, na, gumu zaidi, kama hesabu ya namna hiyo inaeleza ustadi wa mpigaji au inaeleza tu nafasi ambayo wenzake walimtengenezea.

Swali hilo si geni Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, ingawa mpira unaotawala huko ni ule wa miguu. Januari 2016, uwanja wa Umuganda ulipopokea mechi za kundi D la michuano ya CHAN, Mali na Uganda zilitoka sare ya 2–2, na mabao yote manne yaliingia katika rekodi kwa uzito mmoja, kila moja likiwa bao tu mbele ya jina la mfungaji. Kandanda imeridhika na utaratibu huo kwa sababu mchezo wenyewe hautulii hata ukagawanywa vipande vinavyolingana. Besiboli hukatika yenyewe baada ya kila mpira unaorushwa, na hapo ndipo mwenye kalamu anapopata nafasi.

Katika mchezo huo wachezaji 9 wa timu moja hushika gongo kwa zamu, wakijaribu kuupiga mpira unaorushwa na mrushaji wa timu pinzani, na mpigaji anayefaulu hukimbilia vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba, ambapo kurejea kituo cha nyumbani kunahesabiwa kuwa mzunguko mmoja, yaani alama moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi. Kwa kuwa vituo vitatu vya kwanza vinaweza kuwa na wakimbiaji kwa mipangilio 8, na idadi ya waliokwisha kutolewa ni 0, 1 au 2, mpigaji yeyote hukuta mbele yake mojawapo ya hali 24, si zaidi na si pungufu. Historia yote inayofuata ni historia ya watu waliotaka kuzihesabu hali hizo.

Aliyeweka msingi wa hesabu za besiboli ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824 na kukulia Brooklyn, ambaye alianza kwa kuandika habari za kriketi kabla hajauhamishia mchezo mpya desturi ya kriketi ya kuweka jedwali la kila mechi. Kwa wasomaji wa Rwanda, kriketi ni njia fupi ya kuielewa desturi hiyo: Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, Henriette Ishimwe wa Rwanda aliwatoa wapigaji 4 wa Zimbabwe kwa mipira 4 mfululizo, na yeyote anayekisoma kitabu cha mechi anaweza kuyaona hayo mpira kwa mpira hata kama hakuwapo uwanjani. Jedwali la besiboli la karne ya 19 lilikuwa fupi mno kwa kazi hiyo. Lilitaja jumla ya mapigo lakini lilikaa kimya kuhusu wakati yalipopigwa.

Jaribio la kwanza la kuliziba pengo hilo lilikuwa kumwandikia mpigaji mizunguko ambayo wenzake, au yeye mwenyewe, waliikamilisha kutokana na pigo lake. Hesabu hiyo ilichapishwa na gazeti moja la Buffalo mwaka 1879, ikapotea, ikafufuliwa mwaka 1907 na mwandishi Ernie Lanigan wa New York, na kuanzia 1920 ikawa takwimu rasmi. Umaarufu wake haukupungua kwa miongo mingi, ingawa kasoro yake ilikuwa wazi tangu mwanzo: mpigaji anayefuata nyuma ya wenzake hodari hukuta vituo vimejaa, na mpigaji wa timu dhaifu, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, hukuta vituo vitupu.

Sheria za pigo la kafara, yaani pigo ambalo mpigaji hukubali kutolewa ili mkimbiaji asogee mbele, zinaonyesha jinsi wenye mchezo walivyoyumba. Mpira uliopigwa juu, ukadakwa, lakini ukamwezesha mkimbiaji kufika nyumbani ulisamehewa mwaka 1908, usihesabiwe kuwa mpigaji ameshindwa. Msamaha ukafutwa 1931, ukarudishwa 1939 kwa msimu mmoja, ukafutwa tena, kisha ukarejea moja kwa moja mwaka 1954. Ted Williams wa Boston, aliyefaulu mara 185 katika majaribio 456 mwaka 1941, yaani wastani wa 0.406 ambao hakuna mchezaji wa ligi zile kuu mbili aliyeufikia katika msimu mzima tangu hapo, alicheza katika kipindi ambacho kafara hiyo ilihesabiwa dhidi ya mpigaji.

Hatua kubwa ilipigwa na mtu asiye mchezaji. Mwaka 1947, mwaka ule ule Jackie Robinson alipovunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alimwajiri Allan Roth, mzaliwa wa Montreal, awe mtakwimu wa kudumu wa klabu. Roth aliandika kila mpira uliorushwa, akatenganisha mafanikio ya mpigaji dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia na wa kushoto, na mafanikio yake pale wakimbiaji walipokuwa kituo cha pili au cha tatu, ambako pigo moja la kawaida kwa kawaida hutosha kuwafikisha nyumbani. Hesabu zake zilichangia uamuzi wa kumweka Robinson katika nafasi ya nne ya upigaji mwaka 1949, msimu ambao Robinson alipata wastani wa 0.342, akaleta mizunguko 124 na kutajwa mchezaji bora wa ligi yake.

Hata hivyo Roth aliwapima wachezaji, hakuzipima hali zenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na George Lindsey, Mkanada aliyekuwa mtafiti wa masuala ya kijeshi, ambaye pamoja na baba yake alikusanya kumbukumbu za mamia ya mechi, nyingi kwa kusikiliza redio, kisha mwaka 1963 akachapisha wastani wa mizunguko inayotarajiwa katika kila moja ya zile hali 24. Jedwali lake lilionyesha kwamba timu yenye mkimbiaji kituo cha kwanza bila yeyote kutolewa ilitarajia mizunguko 0.81, ilhali timu yenye mkimbiaji kituo cha pili baada ya mmoja kutolewa ilitarajia 0.67. Kwa maneno mengine, kafara iliyosifiwa na makocha kuwa ndiyo akili ya mchezo ilikuwa, kwa wastani, inapunguza alama, ingawa Lindsey mwenyewe alitambua kwamba timu inayohitaji mzunguko mmoja tu kushinda ina hesabu nyingine. Huenda hakuna jedwali dogo lililowahi kuvuruga hekima ya wazee wa mchezo kuliko hilo.

Ndugu wawili, Eldon na Harlan Mills, walifuata mwaka 1970 kwa kupima ni kwa kiasi gani kila tendo lilibadili uwezekano wa timu kushinda. Kutokana na data zao, mtafiti Dick Cramer alilinganisha misimu ya 1969 na 1970, na mwaka 1977 akatangaza kwamba waliong'ara wakati mgumu msimu mmoja hawakuonyesha dalili ya kung'ara hivyo uliofuata. Mashabiki hawakupenda kusikia kwamba shujaa wa dakika za mwisho ni mpigaji mzuri aliyefika pale kwa zamu yake. Wenye ligi nao, kana kwamba hawakusoma, walianzisha mwaka 1980 takwimu rasmi ya mzunguko ulioipa timu uongozi ambao haikuupoteza tena; kwa kuwa mzunguko huo uliweza kupatikana hata katika zamu ya kwanza, takwimu hiyo ilionekana haina maana ikaachwa baada ya msimu wa 1988.

Kilichobaki kilikuwa upatikanaji wa kumbukumbu. Kampuni ya takwimu ya Elias ilianza mwaka 1985 kuchapisha kila mwaka mgawanyo wa mapigo kwa mujibu wa hali; mwandishi wa takwimu za besiboli Bill James, kwa kuona data hizo hazipatikani bure, alikwisha kuwahimiza mashabiki mwaka 1984 waandike mechi wenyewe; na David Smith aliasisi Retrosheet mwaka 1989, taasisi ya kujitolea ambayo imekusanya matukio ya mechi za miongo mingi na kuyatoa bila malipo.

Afrika Mashariki imeingia katika mchezo huu kwa mlango wa Uganda. Vijana wa Lugazi walikuwa mwaka 2012 timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na wakashinda mechi moja kwa 3–2 dhidi ya timu ya Oregon. Miaka 10 baadaye Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Kwa kipaji cha namna hiyo, jedwali la matokeo ya mwisho halitoshi. Walimu na vilabu vya Rwanda, Uganda na mashariki mwa Kongo vinavyofundisha besiboli au kriketi viandike basi, kwa kila anayeshika gongo, waliokwisha kutolewa ni wangapi, wakimbiaji wako wapi, na pigo lilizaa nini. Lindsey na baba yake walianza kwa redio, karatasi na kalamu, na vyote vitatu vinapatikana katika soko lolote la Rubavu.