Kauri, Simbi na Sura ya Mfalme

"Hii haiko udongo, mwanangu," mama mwenye nyumba aliniambia pale Bafwasende, nilipomsomea nilichoandika daftarini: chombo cha maua cha udongo, cha zamani. Akakinyanyua kwa mikono miwili, akakigonga ukingoni kwa ukucha. Kikalia kama kengele ndogo. Nikawasha tochi ya simu na kuiingiza ndani: mwanga ukapenya ubavuni, mweupe kama maziwa, na ndevu ndefu za Leopold wa Pili, mfalme aliyechorwa kwa nje, zikatokeza kama kivuli. Mama alisema kweli. Nilikuwa nimekosea neno.

Neno ni kauri. Kwa watu wa pwani ni kile kiganda cha baharini chenye mgongo wa kung'aa na mdomo wenye meno. Ni kauri vilevile vyombo vya Kichina ambavyo matajiri wa Lamu walivipanga kwenye zidaka, na ambavyo waashi wa Kunduchi walivipachika kwenye makaburi ya nguzo. Bara kiganda hicho tunakiita simbi. Waganda hadi leo huita fedha ensimbi, kwa kuwa zamani ndicho kilichokuwa pesa. Waitaliano nao, walipoviona vyombo vya Uchina, waliviita porcellana, jina lao la kiganda hichohicho, na Wafaransa wakapata porcelaine, neno linaloandikwa katika karatasi zetu za Kisangani. Anayedhani kauri ni neno la kubahatisha basi ajue liko karibu na asili ya lile la Kifaransa kuliko anavyofikiri.

Kazi ya kauri huanza na udongo, sikatai. Ni kaolini, udongo mweupe uliopewa jina la kilima cha Gaoling, karibu na mji wa Jingdezhen. Huchanganywa na unga wa mawe ya feldispa na kwatzi, kisha huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,300 hivi. Hapo ndani yake huyeyuka kidogo na kushikana kama kioo. Ulaya ilihangaika muda mrefu na siri hiyo, mpaka kiwanda cha Meissen kilipofunguliwa mwaka 1710.

Mtungi wetu huchomwa kwa moto mdogo zaidi, na vitundu vyake hubaki wazi. Ndiyo maana hutoa jasho, na kwa jasho hilo hupoza maji. Kauri haitoi jasho. Ukiita kila kitu kauri, unaupokonya mtungi sifa yake. Na vile vyungu vya Wamangbetu wa Uele, vyenye shingo iliyofinyangwa kuwa kichwa cha mtu na nywele zilizosukwa kwenda juu, ni udongo, na vina haki ya kuitwa udongo kwa heshima zote.

Ilibaki neno la picha. "Foto," alisema mjukuu wa mama, lakini hiyo ilichorwa kwa brashi, juu ya ng'arisho la kauri, kisha chombo kikarudishwa motoni kwa joto dogo. Ukipitisha kidole unauhisi ukingo wa rangi. Dhahabu ya pembeni imeshalika kwa kufutwa na kitambaa miaka mingi. Neno sanamu nalo halifai, maana wengi sasa wanasikia kitu cha kuchongwa. Nilichagua sura. Leopold aliimiliki nchi hii ya Kongo tangu 1885 hadi 1908 bila kuikanyaga hata siku moja. Watu wetu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wake, naye akaja kwa sura tu, juu ya chombo cha maua.

Nikafuta, nikaandika upya: chombo cha maua cha kauri, chenye sura ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Nikamsomea mama. Akaitikia kwa kichwa, akakirudisha juu ya kabati mahali pake, sura ikielekea ukutani, kama nilivyokikuta.