Njia ya Utabibu Ilipopita Makerere

Katika zama za ukoloni, kijana wa Tanganyika, wa Kenya, wa Unguja au wa Uganda yenyewe aliyekuwa na azma ya kuwa tabibu, wala hakuwa na mali ya kumvusha bahari hadi Uingereza au Bara Hindi, alikuwa na njia moja tu mbele yake, nayo iliishia Kampala. Aliyetoka skuli ya Tabora alipanda gari la moshi hadi Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, kisha akaabiri meli ya ziwani iliyomshusha Port Bell. Na aliyetoka Mombasa au Nairobi, tangu reli ilipoingia Kampala mwaka 1931, aliweza kusafiri bila ya kukanyaga maji, akashuka katika mji ambao lugha yake ni Kiganda na chakula chake ni matoke, mambo mawili ambayo mtu wa pwani hakuyazoea upesi. Safari hiyo ilikuwa ni kuhama hasa, maana mwanafunzi aliiacha nchi yake na jamaa zake kwa miaka mingi. Na suali linaloulizwa hata leo na wazazi na wanafunzi, kwamba je, kuhama chuo kunamkaribisha mtu na utabibu, lilikuwa na jawabu jepesi wakati huo: asiyehama hakuwa na pa kwenda.

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kupata sifa ya uganga wa kizungu kabla chuo hakijakuwako. Albert Cook, tabibu wa misheni, aliasisi hospitali ya Mengo mwaka 1897, na hospitali ya Mulago ikaanza mwaka 1913 kwa ajili ya maradhi ya zinaa. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa skuli ya ufundi, yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umekanika, na aliyewaona vijana hao na misumeno yao asingedhani kuwa muda si mrefu mafunzo ya utabibu yangeanza jirani yao, kwenye kilima cha Mulago, mwaka 1924. Waliofundishwa mwanzo hawakukusudiwa kuwa matabibu kamili, bali wasaidizi wa tabibu Mzungu. Daraja ya masomo ilipanda pole pole. Na katika miaka ya 1930 vijana wa Kenya na Tanganyika nao wakaanza kupokewa.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kwamba aliyefika Kampala alikuwa amekwisha kufaulu. Mambo hayakuwa hivyo. Kuna vilima viwili vinavyotazamana, Makerere na Mulago, na baina yao bonde la Wandegeya lenye maduka na vishindo vyake; na mwanafunzi hakuruhusiwa kukaa Mulago kusoma viungo vya mwili mpaka kwanza awe amesoma fizikia, kemia na elimu ya viumbe kule Makerere, katika masomo ya matayarisho, akashinda imtihani yake. Aliyeshindwa aligeuzwa njia, akaenda kwenye ualimu, au kilimo, au akarejea kwao. Kwa hiyo masafa ya mamia ya maili kutoka Tabora au Mombasa hayakuwa na uzito mbele ya bonde lile moja, na mwanafunzi wa skuli ya Budo, aliyekaa karibu na Kampala kiasi cha kuliona kila wiki, alilivuka kwa sharti lile lile. Naona kuwa ndiyo siri ya jambo lote: kuhama kulimfikisha mtu mlangoni, lakini mlango ulifunguliwa na kemia. Naye aliyekuja na msingi dhaifu wa skuli ya sekondari, kwa sababu skuli yake haikuwa na maabara wala mwalimu wa sayansi, hakuupata msingi huo kwa kubadilisha mji.

Na hata aliyevuka, akapata ijaza yake, aliona kuwa kuna mlango wa pili. Wahitimu wa Makerere waliajiriwa serikalini kwa cheo cha usaidizi, chini ya Mzungu aliyefanya kazi ile ile, na ijaza yao ilikuwa na nguvu katika Afrika Mashariki tu, hata ilipofika mwaka 1957 ndipo baraza la matabibu la Uingereza likaitambua. Uchungu wa udhalilifu huo ulizaa siasa. Vedasto Kyaruzi, tabibu aliyesoma Makerere, alikuwa mwaka 1950 rais wa Tanganyika African Association mjini Dar es Salaam, na Abdulwahid Sykes katibu wake, na matabibu wenzake kadhaa wa Makerere walikuwa pamoja naye katika harakati zile ambazo baada ya miaka minne zilizaa chama cha TANU.

Wako waliozunguka mbali zaidi. Hastings Banda wa Nyasaland alianza chuo Indiana, Marekani, akahamia Chicago, kisha akapata shahada ya utabibu katika chuo cha Meharry mwaka 1937. Walakini shahada ile haikumfaa katika himaya ya Kiingereza, ikambidi asome tena Scotland ili apate kutibu. Njoroge Mungai wa Kenya, ambaye baadaye alikuwa waziri wa afya, alitoka Fort Hare ya Afrika Kusini akaenda Stanford, akahitimu utabibu mwaka 1957. Watu wawili, vyuo vingi. Na katika khabari ya Banda yaonekana wazi kuwa wanaoamua thamani ya kuhama si wale wanaokupokea, bali ni wale watakaokitazama cheti chako mwishoni.

Mambo yaligeuka kwa haraka baada ya uhuru. Josephine Nambooze alikuwa amekwisha kuhitimu Makerere mwaka 1959, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa tabibu; hospitali mpya ya Mulago ikafunguliwa mwaka 1962; na mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka huo huo skuli ya utabibu ilianza Dar es Salaam, Nairobi ikapata yake mwaka 1967, na chuo kikuu kile cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970, safari ya Mwanza hadi Port Bell ilikuwa imekwisha kupoteza maana yake. Zikaja siku za Idi Amin, ambapo wahadhiri walikimbia na wanafunzi wa Kiasia wakafukuzwa mwaka 1972, wengine wakaenda kumalizia masomo yao nchi za mbali. Na huko kuhama hakukuwa na hesabu ya faida, kulikuwa na kunusuru roho tu.

Leo Uganda ina skuli nyingine za utabibu, Mbarara iliyoanza mwaka 1989, kisha Gulu na vyuo vya watu binafsi, na mwanafunzi huingia moja kwa moja kutoka Senior Six, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, pasipo miaka minne ya shahada ya kwanza kama ilivyo Marekani. Kwa hiyo kijana aliyepata nafasi ya sayansi ya kawaida, akawaza kuwa akihamia chuo chenye jina kubwa atasogea karibu na Mulago, anapoteza ada yake: chuo kitauliza alama zake za biolojia na kemia za Senior Six, wala hakitauliza alikaa wapi tangu hapo. Upo mlango mdogo wa wenye diploma za tiba na wa wenye shahada, ambao aghlabu hupitiwa na maofisa tabibu waliokwisha kufanya kazi katika vituo vya afya vya wilayani, na hao huingia kwa matokeo ya diploma na shahada hizo.