NENO "GEREZA" LIMETOKA KANISANI! SOMA HAPA UJUE

Leo tuweke umbea wa mastaa pembeni kidogo, tuongee kuhusu neno moja ambalo wengi tunaliogopa: gereza.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mwanaye alifungwa miaka mitatu. Muda wote huo ukimuulizia kijana anakujibu, "Kasafiri." Neno gereza hakulitamka hata siku moja. Nikawa najiuliza, hili neno limetoka wapi mpaka linatisha hivi? Nikaanza kufuatilia, na nilichokikuta sikukitegemea kabisa. Asili yake ni neno la Kireno igreja, yaani kanisa!

Ilikuwa hivi. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na 1505 wakaivamia Kilwa na kujenga ngome. Mombasa wakajenga Fort Jesus, kuanzia 1593 hadi 1596, na ndani yake wakaweka kanisa. Jina la kanisa likahamia kwenye ngome nzima. Ushahidi upo mpaka leo: nenda Kilwa Kisiwani, ile ngome kongwe iliyopo ufukweni inaitwa Gereza.

Sasa ngome vita ikiisha inafanya kazi gani? Kufungia watu! Ngome Kongwe ya Zanzibar ilitumika kama jela karne ya 19. Fort Jesus nayo Waomani waliiteka 1698, halafu Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Taratibu maana ya ngome ikapotea, ikabaki ya kifungo.

Cha kushangaza zaidi, hilo neno kanisa lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Wareno walituachia meza, bendera, leso na mvinyo, lakini jina la nyumba yao ya ibada ndo likaishia kuwa jina la mahali pa kufungia watu. Hakuna kikao kilichopitisha hilo. Ni watu wa kawaida tu, walitaja walichokuwa wanakiona.

Kijana karudi mwaka jana. Nikamsimulia mama yake habari hii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na huko kulikuwa na sala." Siku hizi anasema wazi kwamba mwanaye alikuwa gerezani.

Haya, na wewe neno gani linakusumbua? Tupia hapo chini tulichimbue.