Kosa la Aliyeanguka

Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo Waingereza waliikusudia iunganishe kusini na kaskazini ya Afrika, hupita katikati ya mji wetu wa Babati. Yatoka Arusha, yashuka Dodoma na Iringa, hata Mbeya na Tunduma mpakani. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika kwa miaka mingi, mpaka lami yake ilipozinduliwa mwaka 2018. Katika miaka yote hiyo watu wameanguka humo, na wengine hawakuinuka. Nami nimeona kwamba mtu akianguka kwenye shimo, swali la kwanza aghalabu haliwi nani aliyeliacha shimo wazi. Huulizwa yeye: “Nawe macho yako yalikuwa wapi?”

Swali hilo lina ukoo mrefu mahakamani. Mwaka 1809, huko Uingereza, mahakama iliamua shauri la Butterfield na Forrester. Forrester alikuwa akitengeneza nyumba yake mjini Derby, akalaza mti ukaziba sehemu ya barabara. Butterfield alitoka kwenye nyumba ya pombe jioni, taa zikianza kuwashwa, akamtimua farasi mbio, akaupiga ule mti, akaanguka akaumia. Shahidi alisema kwamba mwanga ulikuwa bado watosha kuuona mti kwa umbali wa yadi 100. Mahakama ikasema kwamba kosa la mtu mmoja halimwondolei mwingine wajibu wa kujiangalia. Butterfield hakupata hata senti. Wala si kwamba Forrester alionekana hana kosa, la hasha. Ila sheria ya siku zile haikujua kugawa. Mdai akiwa na chembe ya uzembe, alipoteza vyote.

Majaji wenyewe walianza kuona haya. Mwaka 1842 likaja shauri la punda. Mwenyewe alimfunga miguu ya mbele akamwacha alishe kando ya njia kuu, na gari la farasi likateremka mbio likamkanyaga. Je, aliyemwacha punda njiani anastahili fidia? Mahakama ikajibu ndiyo, kwa kuwa mwendesha gari angeweza kumkwepa kama angekuwa mwangalifu. Mtu wa Babati hahitaji kufafanuliwa shauri hilo, maana punda wetu bado wanabeba maji barabarani.

Dawa yenyewe ilipatikana mwaka 1945, Bunge la Uingereza lilipotunga sheria ya kugawana lawama. Sheria hiyo haikuja kwetu moja kwa moja. Tanganyika ilipokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, na kwa hiyo ukali wa 1809 ndio uliotufikia kwanza. Ilibidi itungwe sheria ya hapa hapa, katika miaka ya 1950, ndipo jaji akapata ruhusa ya kukata badala ya kufuta. Hesabu yake ni nyepesi. Hasara ikiwa shilingi 10,000,000, na aliyeumia akaonekana amechangia asilimia 30, atalipwa 7,000,000. Tena anayedai kwamba majeruhi alichangia ndiye anayepaswa kuthibitisha. Jambo hilo watu wengi hawalijui, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.

Mwaka 1952 Waingereza walimkata moja ya tano mfanyakazi aliyedandia nyuma ya mtambo wa machimbo, akagongwa na mtambo mwingine. Nikikumbuka malori ya mnada tuliyoyapanda, watu juu ya magunia na mbuzi katikati yao, najiuliza jaji angetukata ngapi. Lakini yule mfanyakazi alikatazwa kudandia. Sisi tulikuwa na usafiri gani mwingine? Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kanuni hii katika nchi kama yetu. “Ulilijua shimo,” wanasema. Naam, sote tunalijua. Lipo kwenye njia pekee ya kwenda sokoni na hospitali. Kujua hatari ambayo huna pa kuikwepea hakuwezi kuitwa uzembe, na hakimu akisahau hilo, ile asilimia yake huwa ni adhabu ya umaskini.

Kuishitaki Serikali nako kulikuwa na mlima wake. Tangu mwaka 1788 mahakama za Kiingereza zilikuwa zimekataa kuwatoza watu wa wilaya kwa daraja bovu lililoharibu gari la mtu, na kwa muda mrefu mwenye barabara aliyeiacha tu ikaharibika hakushitakiwa. Aliyeshitakiwa ni yule aliyechimba. Bunge lao liliifuta kinga hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru. Kwetu, mtu alilazimika kupata kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishitaki, yaani kumwomba mshitakiwa ruhusa ya kumshitaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia ole Pumbun, ilisema sharti hilo linapingana na Katiba. Mwaka uliofuata likawekwa sharti la notisi ya siku 90.

Jirani yangu mmoja aliangukia mtaro uliochimbwa kukatiza barabara ya mtaa, bila taa, bila utepe, bila hata tawi la mti. Ilikuwa yapata saa moja jioni, naye yuko juu ya baiskeli. Alivunjika paja. Siku ya pili mtu wa waliochimba alifika wodini na bahasha, akakaa kitandani kwa heshima zote, akauliza: “Shikamoo mzee. Pole sana. Ulikuwa unatoka kilabuni, sivyo?” Alikuwa ametoka huko kweli. Miaka zaidi ya 180 baada ya Derby, na nyumba ya pombe ni ile ile! Mzee aliona aibu mbele ya wanawe, akapokea bahasha, akatia sahihi karatasi ambayo hakusomewa.

Nilimwambia kwamba chupa moja haichimbi mtaro, na kwamba sheria inampa miaka mitatu ya kufungua madai. Alisema atafikiri. Mtaro ulifukiwa siku ya nne. Masika yalipokwisha, hata mimi niliyepita pale kila siku nisingeweza kumwonyesha hakimu ulipokuwa.