Ubora wa Maji katika Mabwawa ya Kiangazi, Mto Ugalla

Mto Ugalla ni tawimto la Malagarasi linalopita katika nchi ya miombo ya Tabora na Katavi. Maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo mkondo hufifia, na kiangazi kikikolea sehemu kubwa ya mto hubaki mabwawa yaliyotengana ambamo samaki, mamba na viboko husongamana. Vifo vya samaki katika mabwawa ya namna hii husingiziwa jua, viboko au nyavu, ilhali kinachoamua zaidi ni muda ambao maji yanakaa bila mkondo.

Oksijeni, amonia na kinyesi

Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, na joto hilohilo huufanya mwili wa samaki udai oksijeni zaidi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi kinachooza huongeza nyingine. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, lakini kazi hiyo nayo hula oksijeni. Sumu ya amonia hutegemea pH: katika nyuzi 25, sehemu iliyo kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, ila hupita theluthi pH ikiwa 9. Mwani ulionenepeshwa na kinyesi hupandisha pH mchana, na usiku huvuta oksijeni sawa na viumbe wengine. Bwawa lilelile basi huwa na hatari mbili kwa zamu, amonia alasiri na ukosefu wa hewa alfajiri.

Kiboko mmoja hula takriban kilo 40 za nyasi usiku, na sehemu kubwa ya mabaki yake huyamwaga majini mchana. Ni rahisi kumhukumu yeye. Ushahidi wa Ruaha Mkuu, mto uliotiririka mwaka mzima hadi ulipoanza kukauka kiangazi mwaka 1993, unamtetea kwa kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mabwawa yenye viboko wengi na yenye wachache: mkondo ulipokuwepo tofauti zilikuwa ndogo; uliposimama, oksijeni ilishuka katika mabwawa ya viboko na samaki wakapungua kwa idadi na kwa aina. Mwaka huohuo utafiti wa Mto Mara ulionyesha kwamba maji ya ghafla yanapofagia mabwawa hayo, uchafu uliolala chini huweza kuua samaki hata walio mbali kuteremka mto. Mvua ya kwanza, inayosubiriwa kwa hamu, haiwi salama kila mara.

Pingamizi

Husemwa kwamba kiangazi ni cha asili na samaki wa huku wamekizoea. Ni kweli kwa kambale na kamongo, wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji. Perege hawana kiungo cha kazi hiyo, hubaki wakihema kwenye utando wa juu wa maji. Bwawa lililobaki na kambale watupu si ushahidi wa afya. Husemwa pia kwamba kinyesi ni chakula. Wafugaji wa samaki hutia samadi mabwawani, naam, lakini kwa kipimo, na huacha inapozidi. Mto usio na mkondo hauna wa kupima.





Uhifadhi

Bonde la Ugalla ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000. Pori la Akiba la Ugalla, ambamo wavuvi na warina asali waliingia kwa vibali, lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Hadhi hiyo hudhibiti nyavu ndani ya mipaka. Maji yanayochotwa juu ya mto haiyagusi. Katika Mto Katuma, upande wa Mpanda, umwagiliaji umekwisha kuwaacha viboko wa Hifadhi ya Katavi kwenye tope.